Mteja anadai “programu ya SIL 3”: je, kiwango hicho kinaandikwa ndani ya programu au kinapatikana mahali pengine?

PaneliKurasini (mwanzisha uzi)

Habari za kazi, wadau. Nimepewa kazi ya kuandika upya programu ya kidhibiti cha usalama katika bohari moja ya mafuta hapa Kurasini. Kazi yenyewe inaeleweka: tangi likiwa linapokea mafuta kutoka melini na kina kikafika alama ya hatari, kidhibiti kinapaswa kufunga vali ya kuingizia bila kusubiri mtu. Mfumo uliopo ulikubaliwa kwa SIL 2 (SIL ni Safety Integrity Level, yaani kiwango cha uhakika wa usalama; namba ikipanda, uhakika unaodaiwa unapanda). Sasa hati ya tenda inataka “programu ipandishwe hadi SIL 3”, na haisemi neno lolote kuhusu sensa wala vali.

Nimeipitia maktaba ya bloku za usalama (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari) tuliyopewa na mtengenezaji wa kidhibiti, na cheti chake kinasema bloku zote zinafaa hadi SIL 3. Bloku hizo ndizo zilezile zilizotumika katika programu ya zamani. Naomba wenye uzoefu wanieleze: mwandishi wa programu anafanya nini tofauti anapoandikia SIL 1, SIL 2 au SIL 3? Au mteja anadai kitu ambacho kibodi yangu haiwezi kumpa?

MzeeWaRilei

Salama, mkuu. Mteja wako amebandika namba mahali pasipo pake. SIL haipewi programu, haipewi kidhibiti, wala haipewi bohari nzima. Inapewa kazi moja ya usalama, kuanzia kwenye sensa, kupitia kwenye kidhibiti, hadi kwenye vali inayofunga. Cheti kinachosema “hadi SIL 3” maana yake ni kwamba kifaa hicho kinaruhusiwa kushiriki katika kazi ya kiwango hicho, si kwamba kila utakachokiunganisha nacho kitapanda cheo.

Kipimo chenyewe ni uwezekano wa kazi hiyo kushindwa siku inapohitajika: SIL 1 ni kati ya 0.1 na 0.01, SIL 2 ni kati ya 0.01 na 0.001, na SIL 3 ni kati ya 0.001 na 0.0001. Muulize kwanza ni nani aliyekaa akapima hatari ya tangi hilo na kuona kwamba SIL 2 haitoshi. Kama hakuna aliyepima, hiyo 3 imetoka hewani.

HesabuMbagala

Namuunga mkono Mzee, na naomba niweke hesabu mezani. Namba hizi ni za mfano tu, si za kifaa chochote sokoni. Tuseme transmita ya kina (sensa inayopima kina na kutuma kipimo kwa kidhibiti) ina hitilafu za hatari zisizojitangaza 0.3 kwa kila saa milioni, na vali pamoja na solenoidi yake (kijivali cha umeme kinachoshika au kuachia hewa inayoendesha vali) ina hitilafu 1.0 kwa kila saa milioni. Kidhibiti tukipe 0.0001 kwa ujumla. Kwa kifaa kilicho peke yake, unazidisha kasi hiyo kwa muda kati ya jaribio na jaribio, kisha unagawa kwa 2.

Ukijaribu kila mwaka, yaani kila saa 8,760, transmita inakupa 0.0013 na vali inakupa 0.0044, na jumla pamoja na kidhibiti ni kama 0.0058. Hiyo ni SIL 2. Ukikaa miaka 4 bila kujaribu, jumla inafika kama 0.023, na tayari umeshuka hadi SIL 1 ingawa hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa programu.

Sasa funga vali ya pili iliyofuatana na ya kwanza, na tuchukulie kwamba asilimia 10 ya hitilafu huzipata zote mbili kwa pamoja. Vali hizo mbili zinakupa kama 0.00046, na karibu yote hiyo inatokana na ile asilimia 10 ya kushiriki chanzo kimoja. Jumla inakuwa 0.0019, ambayo bado ni SIL 2, kwa sababu umeacha transmita moja. Ukitaka 3, lazima uongeze transmita pia. Na hata hesabu ingekubali, IEC 61511 ya mwaka 2016, yaani kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama ya viwanda vya mchakato, inataka kazi ya SIL 3 iweze kuvumilia angalau hitilafu moja ya kifaa, kwa hiyo vali moja haikubaliki hata ingekuwa nzuri namna gani.

DadaSaketi

Wakuu wawili hapo juu wamesema kweli, lakini wamemfanya mwandishi wa programu aonekane hana kazi, na hapo natofautiana nao kabisa. Vali huchakaa na transmita huchakaa, kwa hiyo zina kasi ya hitilafu. Programu haichakai. Kosa la programu lipo tangu siku ilipopakiwa, limetulia, linasubiri mchanganyiko wa hali utakaoliamsha, na hakuna hesabu ya saa milioni itakayolionyesha. Ndiyo maana viwango havimpi mwandishi wa programu namba ya kufikia. Vinampa nidhamu ya kufuata, na nidhamu hiyo inakazwa kadiri SIL inavyopanda.

Mfano ni IEC 61508, kiwango mama cha usalama wa mifumo ya umeme na programu, sehemu ya 3, toleo la 2010, kwa wale wanaoandika kwa lugha huru kama C. Kujaribu kila sentensi ya programu kunasisitizwa sana kuanzia SIL 2, kujaribu kila tawi la uamuzi kunasisitizwa sana kuanzia SIL 3, na kujaribu kila sharti linaloweza kugeuza uamuzi kunasisitizwa sana kwenye SIL 4. Vivyo hivyo na anayekagua: kwenye SIL 1 anatosha mtu mwingine asiyehusika na kazi hiyo, lakini ukifika SIL 3 inatakiwa idara nyingine au hata taasisi nyingine kabisa. Kwa hiyo, mkuu PaneliKurasini, jibu la swali lako ni hili: msimbo unaweza kufanana herufi kwa herufi, ila ushahidi unaouzunguka haufanani.

FundiChangombe

Dada amesema vizuri, lakini majedwali hayo ya sehemu ya 3 yanamhusu zaidi yule anayetengeneza kidhibiti chenyewe. Sisi tunaopanga bloku zilizothibitishwa kwa ngazi (ladder) au kwa mchoro wa bloku (function block), IEC 61511 inatuweka kwenye kundi la lugha zenye mipaka, na inaturuhusu kwenda nazo hadi SIL 3. Mipaka ndiyo kinga yenyewe, kwa kuwa humo hakuna vielekezi vya anwani za kumbukumbu (pointers) wala programu inayojiita yenyewe.

Vilevile nisahihishe jedwali la Mzee kabla mtu hajalibeba kwenda nalo kiwandani. Namba hizo ni za kazi inayohitajika si zaidi ya mara moja kwa mwaka, kama ya tangi. Mimi ni mtu wa mashine za kukata na kukunja bati, ambako pazia la mwanga (miale inayosimamisha mashine mkono ukiikatiza) linakatizwa kila dakika. Huko tunahesabu hitilafu za hatari kwa saa: SIL 3 ni kati ya 0.0000001 na 0.00000001 kwa saa. Na IEC 62061, ambayo ndiyo ya mashine, inaishia SIL 3. Hakuna SIL 4 ya mashine.

MwanafunziDIT

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza. Kwenye mafunzo tulionyeshwa kidhibiti ambacho unachagua SIL 2 au SIL 3 wakati wa kuanzisha mradi. Kama SIL ni ya kazi nzima, kwa nini kidhibiti kinakuuliza?

FundiChangombe

Marahaba, kijana. Bila shaka ulionyeshwa GuardLogix 5580. Ikiwa peke yake inakubalika hadi SIL 2. Ukiiwekea moduli mwenza pembeni yake, zote mbili zinaendesha programu moja ya usalama na kulinganisha matokeo, na hapo inakubalika hadi SIL 3. Siemens wamepita njia nyingine: F-CPU, yaani kichakataji cha usalama, ni moja, lakini programu ya usalama inachakatwa mara mbili kwa maumbo mawili tofauti ya data, na majibu yasipolingana inasimamisha kila kitu. Triconex wana chaneli tatu zinazopiga kura, mbili kati ya tatu. Kwa hiyo unachochagua pale ni dari ya kidhibiti. Nyumba bado hujaijenga.

MzeeWaRilei

Fundi, leo umeacha bati zako na umekuwa mwalimu. Mungu akubariki, vijana wanahitaji maelezo kama haya.

PaneliKurasini

Nashukuru sana, nimejifunza mengi. Nimerudi kuipitia programu ya zamani nikiwa na maneno ya DadaSaketi kichwani, na nimekuta jambo ambalo ningependa mlione. Transmita inatoa mkondo wa 4 hadi 20 mA (miliampea), 4 ikiwa tangi tupu na 20 ikiwa limejaa. Mwandishi aliyetangulia alibadilisha mkondo kuwa asilimia ya kina, kisha akaweka kikomo cha chini: chochote kilicho pungufu ya 4 mA kinasomwa kama asilimia 0. Waya ukikatika, mkondo unakuwa 0 mA, programu inasoma kwamba tangi ni tupu, na kazi ya kuzuia kufurika inalala usingizi huku meli ikiendelea kusukuma mafuta. Na huu ndio mfumo uliokubaliwa kwa SIL 2.

DadaSaketi

Hicho ndicho nilichokuwa nakisema. Hesabu ya HesabuMbagala ingeipa saketi hiyo 0.0058 na kila mtu angetia sahihi. Kosa kama hilo halionekani kwenye fomula, linaonekana kwa mtu wa pili anayesoma programu na kuuliza “waya ukikatika je?”

Dawa yake: usiweke kikomo kabla ya kupima afya ya mkondo. Kwa pendekezo la NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, kipimo halali ni kati ya 3.8 na 20.5 mA, na 3.6 kushuka chini au 21 kupanda juu ni tangazo la hitilafu. Mkondo ukiingia eneo la hitilafu, bloku itoe amri ileile ya kufunga kana kwamba tangi limejaa. Ukiwa na transmita tatu zinazopiga kura, iliyo mbovu ihesabiwe kuwa imepiga kura ya kufunga, na kengele ilie ili fundi aje kuirekebisha.

KondoWaPwani

Wadau, msisahau ajali ya Buncefield ya Desemba 2005 kule Uingereza. Tangi la petroli lilifurika hivihivi na watu 15 wakafa.

MzeeWaRilei

Hapo umechanganya matukio mawili ya mwaka mmoja. Waliokufa 15 ni wa Texas City, Marekani, Machi 23, 2005, ambako mnara wa kiwanda cha kusafisha mafuta ulijazwa kupita kiasi. Buncefield ilikuwa Desemba 11, alfajiri ya Jumapili. Walijeruhiwa zaidi ya 40 na kwa bahati hakufa mtu.

Lakini umefanya vyema kuileta, maana bohari ya rafiki yetu ni ya aina ileile. Kipimo cha kina cha tangi 912 kilikwama, kikawa kinaonyesha kina kilekile huku mafuta yakipanda. Swichi huru ya kina cha juu nayo haikufanya kazi, kwa sababu wenzo wake wa kufanyia majaribio ulihitaji kufuli ili ubaki mahali pake, na kufuli hiyo haikufungwa. Hakuna programu ingeweza kuliona hilo.

HesabuMbagala

Naomba nipinge kidogo hapo mwisho, Mzee. Programu ingeweza kuliona la kwanza. Kama pampu inasukuma mafuta ndani ya tangi na kina hakisogei kwa dakika kadhaa, hiyo ni dalili ya kipimo kilichokwama, na kulinganisha kasi ya mafuta na mwendo wa kina ni mistari michache tu.

FundiKigamboni

Kulinganisha huko nimekuona kukizua balaa. Tulikuwa na mfumo uliokuwa ukifunga vali kila mawimbi ya mafuta ndani ya tangi yalipoyumbisha kipimo. Baada ya wiki chache wahudumu wakachoka, wakaunganisha waya wa kuruka kwenye paneli, na kazi ya usalama ikawa haipo kabisa. Mfumo unaosumbua huzimwa. Kwa mtazamo wangu SIL inapatikana kwa fundi wa zamu na msimamizi wake, kabla ya hesabu na kabla ya msimbo.

FundiChangombe

Kwa hiyo weka kichujio cha sekunde 5 kwenye kipimo, mawimbi yapite. Ila nasema hivyo kwa tangi tu! Kwangu mimi, kuchelewesha pazia la mwanga kwa sekunde 0.1 kunaniongezea milimita 200 za umbali unaotakiwa kati ya pazia na kisu, kwa kuwa mkono unahesabiwa kwenda milimita 2,000 kwa sekunde. Anayenakili programu ya tangi na kuipeleka kwenye mashine ya kukata bati atakata mtu vidole.

HesabuMbagala

Nikubaliane nawe kwa namba. Tangi la kipenyo cha mita 30 linalopokea mita za ujazo 1,000 kwa saa linapanda kama sentimita 2.4 kwa dakika. Kama kati ya alama ya kufunga na ukingo kuna sentimita 30, una zaidi ya dakika 12. Sekunde 5 hazina madhara hapo.

FundiKigamboni

Dakika 12 hizo usizitumie zote kwenye karatasi, ndugu yangu, maana kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Vali ikifungwa ghafla huku pampu za meli zinasukuma, mafuta yaliyo ndani ya bomba refu yanagonga na shinikizo linapanda kwa kishindo. Viungo vinaweza kuachia. Wote mmesema “kidhibiti kifunge vali” kana kwamba kufunga siku zote ni salama. Na hapa Dar umeme ukikatika, solenoidi inaachia na vali inafunga yenyewe, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kubuni: ukikosa umeme, nenda kwenye hali salama. Hali salama ni ipi hapo?

DadaSaketi

Swali zito. Mimi ningebaki na kanuni ya kuachia umeme unapokatika, lakini vali ifunge taratibu kwa kubana njia ya hewa yake inayotoka, solenoidi ipate umeme wa betri, na ishara ya kusimamisha pampu itumwe melini kabla vali haijamaliza safari yake. Kuigeuza kazi hiyo ihitaji umeme ili ifunge, kama wengine wanavyopendekeza, ni kukaribisha waya uliokatika ambao hakuna atakayeujua hadi siku ya tukio, labda uwekewe saketi ya kuusimamia muda wote.

MzeeWaRilei

Na betri hiyo nani anaijaribu? Ukishaitegemea, imeingia kwenye kazi ya usalama kwa mlango wa nyuma.

NyerereRoad

Nimesoma uzi wote kimya. Kwangu mimi kuna suala la nani anaweza kugusa programu. Mwaka 2017 kule Saudi Arabia wavamizi wa mitandao waliingiza programu hasidi, iliyokuja kuitwa Triton, ndani ya vidhibiti vya usalama vya Triconex, na mojawapo ya mambo yaliyowasaidia ni swichi ya ufunguo kuachwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Walijulikana kwa sababu vidhibiti vilisimamisha mtambo vyenyewe. Viwandani kwetu huku Barabara ya Nyerere nimeona ufunguo umeachwa umechomekwa, na nenosiri limeandikwa kwa kalamu ndani ya mlango wa paneli. Siku ya makabidhiano, ile sahihi ya tarakimu inayotolewa na kidhibiti kwa programu ya usalama iandikwe kwenye cheti na kutiwa sahihi na pande zote, kisha kila ukaguzi uilinganishe. Ikibadilika, mtu amegusa.

PaneliKurasini

Hilo nalichukua kama lilivyo. Nimebakiwa na swali moja. Kidhibiti hikihiki kinafanya kazi nyingine tatu ambazo ni SIL 1 tu. Je, nazo niziandike kwa nidhamu ya SIL 3?

DadaSaketi

Zikishiriki programu na vifaa, ndiyo. IEC 61511 inataka sehemu inayoshirikiwa ifuate kiwango cha juu zaidi, isipokuwa uonyeshe kwamba kazi ya chini haiwezi kuiharibu ya juu.

FundiChangombe

Mimi ningezitenganisha. Ukiandika yote kwa nidhamu ya juu, kila badiliko dogo la kazi ya SIL 1 litadai ukaguzi kamili, na baada ya mwaka mteja hatakubali kulipa, atamwita kijana mwenye laptopu abadilishe usiku.

DadaSaketi

Na ukizitenganisha una vidhibiti viwili, vipuri aina mbili, na mafundi wa kufundishwa mara mbili. Sijashawishika.

PaneliKurasini

Nimemwandikia mteja kumwomba tathmini ya hatari iliyozaa hiyo SIL 3, pamoja na kumbukumbu za majaribio ya vali. Amejibu kwamba tathmini wanaitafuta, na kwamba vali haijawahi kufungwa yote kwa jaribio kwa sababu meli hazisubiri. Anauliza kama kuisogeza robo ya safari tu kunatosha.

HesabuMbagala

Kunagundua vali iliyoganda, lakini hakuonyeshi kama inaziba ikifika mwisho. Kwenye fomula unaigawa kasi ya hitilafu sehemu mbili: ile inayogunduliwa na robo safari unaipa muda mfupi, na iliyobaki unaipa muda wa jaribio kamili. Kama jaribio kamili halifanyiki kabisa, sehemu hiyo ya pili inaendelea kukua maisha yote ya vali.

FundiKigamboni

Na kwa chumvi ya upepo wa huku baharini, usichukue kasi ya hitilafu ya kwenye kitabu cha mtengenezaji. Nimefungua maboksi ya solenoidi upande wetu yenye kutu ya kijani kwenye vituo vya waya, na kifuniko kilikuwa bado kinang'aa kwa nje. Muombe mteja siku moja kati ya meli na meli, mfunge vali yote, mpime muda wa kufunga kwa saa, ndipo mzungumzie 2 au 3.

MzeeWaRilei

Siku hiyo ikipatikana tujulishe, mkuu. Mimi nitakuja na saa yangu.